Nyota ya Matanga na Daftari Lililotunzwa

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyapata kwa maandishi.)



Liko neno moja la Kiswahili lililopaa angani zaidi ya miaka 50 iliyopita. Neno hilo ni Uhuru. Lilikuwa jina la chombo cha kuchunguza nyota kilichotengenezwa na Wamarekani na kurushwa na mafundi wa Kitaliano kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe ilikuwa 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Mhandisi aliyeusimamia mradi ule, mwanamama wa Kimarekani aitwaye Marjorie Townsend, ndiye aliyekipa chombo jina hilo kwa heshima ya wenyeji waliowapokea.

Habari za Uhuru baadhi yenu mmepata kuzisikia. Leo sitaki kusema sana juu yake. Nataka kusema juu ya mdogo wake, ambaye hakupewa jina zuri. Aliitwa SAS-2. Alirushwa kutoka jukwaa lile lile tarehe 15 Novemba 1972, naye ndiye aliyefanya kazi ambayo mpaka leo wataalamu wa mbingu wanaitaja kwa heshima: alipima mionzi ya gama inayotoka katika nyota ziitwazo pulsa.

Sasa basi, pulsa ni kitu gani? Nyota kubwa inapomaliza kuni zake hulipuka. Tabaka za nje hutawanyika, na moyo wake hujikunja ndani kwa ndani mpaka unakuwa donge dogo lenye uzito unaolipita jua letu. Dogo kiasi gani? Upana wake ni kama kilomita 20. Ukiliweka hapa Tanga mjini, halifiki Muheza. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kina uzito wa tani zaidi ya bilioni moja. Donge hilo huzunguka kwa kasi ya kutisha, na katika kuzunguka hurusha miali, mfano wa mnara wa taa unaowaongoza manahodha pale kisiwani Ulenge. Taa inazunguka, wewe uliye mbali unaiona inawaka na kuzimika.

Wa kwanza kuzigundua nyota hizi alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, binti aitwaye Jocelyn Bell, mwaka 1967. Aliona katika karatasi za mitambo yake ya redio alama ndogo iliyokuwa ikijirudia kila baada ya sekunde moja na theluthi, bila kukosea. Zawadi ya Nobel ya kazi ile ilipotolewa mwaka 1974, walipewa wanaume wawili, mmoja wao mwalimu wake, yeye hakumo. Mwaka 2018 alipopewa zawadi nyingine ya dola milioni 3, aliitoa yote iwe mfuko wa kuwasomesha vijana wanaotaka kuwa wanafizikia. Hilo nalo ni somo, lakini tuliache kwa leo.

Nilipolitaja jambo hili kijiweni hapa Nguvumali, nilipata maswali matatu, na kwa kuwa nadhani hata wewe msikilizaji unayo hayo hayo, nitayajibu moja baada ya jingine.

Swali la kwanza liliulizwa na mzee mmoja, baharia mstaafu. Alisema: "Mwanangu, dunia yote hii, Wazungu wamekosa pwani za kwao mpaka waje Malindi?"

Mzee wangu, sababu ni mbili. Ya kwanza ni ikweta. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakwenda kilomita kama 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inapewa msukumo huo bure. Ni kama mtu anayeruka kutoka kwenye jahazi linalokwenda badala ya kuruka kutoka ufukweni. Jukwaa lile liko nyuzi zisizotimia tatu kusini ya ikweta, na mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu; roketi ikiharibika haimwangukii mtu.

Sababu ya pili ndiyo inayohusu mada yetu. Juu ya dunia kuna mvua isiyokoma ya chembe zenye umeme zitokazo angani. Chembe hizo ndizo zinazomsumbua mtu anayetafuta mionzi ya gama, kwa kuwa ni nyingi kupita kiasi na zinaweza kumdanganya. Usumaku wa dunia huzizuia, na kizuizi hicho kina nguvu zaidi kwenye ikweta. Kwa hiyo chombo kinachozunguka juu ya ikweta huona anga iliyotulia. SAS-2 ilizunguka hivyo, kwenye kimo cha kilomita 440 hadi 610 hivi. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu ya mahali Mungu alipoiweka.

Swali la pili liliulizwa na mama anayetuuzia chai. Aliposikia neno mionzi alishtuka. "Hiyo gama si ndiyo ile ya Ocean Road? Sasa ikitushukia kutoka huko juu?"

Mama amesema kweli. Katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa saratani wametibiwa kwa miaka mingi kwa mashine za kobalti, na kinachotoka katika kobalti ile ni mionzi ya gama. Gama ni ndugu wa nuru tunayoiona kwa macho, ila kila punje yake ina nguvu nyingi mno. Lakini mama asiogope. Hewa iliyotufunika ni blanketi nene. Gama ya nyota ikifika juu huko, hugonga hewa na kuishia huko huko. Haifiki Nguvumali.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi yenyewe. Blanketi linalotulinda ndilo linalotuziba macho. Anayetaka kuiona gama hana budi kutoka nje ya blanketi. Ndiyo maana ya roketi.

Na hata ukitoka, huwezi kutumia darubini ya kioo, maana gama haigeuzwi na kioo, inapenya. Ndani ya SAS-2 waliweka sahani nyembamba za chuma, moja juu ya nyingine, na katikati yake nyaya zenye umeme. Gama inapogonga sahani hutoweka, na mahali pake huzaliwa chembe mbili, zinazokwenda zikitoa cheche kwenye nyaya. Ukiunganisha cheche hizo unapata mstari, na ukiufuata mstari huo kinyumenyume unajua gama ilitoka upande gani wa mbingu. Na kila moja huandikwa saa yake, kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Hiyo saa ndiyo siri yote. Hebu fikiria, msikilizaji, mlango wako unabishwa usiku na mchana na watu wa kila aina. Yupo mgeni mmoja tu ambaye hubisha daima inapotimia saa na robo, iwe saa ngapi, lakini hupita mara chache sana, pengine mwezi huu mara moja na mwezi ujao hakuna. Ukisikiliza tu, hutamjua kamwe. Lakini ukiwa na daftari, ukaandika dakika ya kila mbisho kwa miaka miwili, halafu ukazipanga zote kwenye uso wa saa moja, utaona vidoti vimetapakaa kila mahali isipokuwa penye robo, ambapo vimerundikana. Hapo umempata mgeni wako.

Pulsa huonekana kwa njia hiyo. Nyota inaweza kuzunguka maelfu ya mara kabla punje moja tu ya gama haijagonga chombo. Bila daftari la saa, huna kitu.

Kwa njia hiyo SAS-2 ilizipima pulsa mbili. Moja iko katika kundi la Ng'ombe. Ni mabaki ya nyota ambayo Wachina waliandika kuwa waliiona ikilipuka mwaka 1054, nayo huzunguka mara 30 kwa sekunde. Ya pili huzunguka mara 11 kwa sekunde, na iko katika kundi liitwalo Vela. Vela ni neno la Kilatini, na maana yake ni matanga, yale ya jahazi. Sisi wa Tanga hatuwezi kulipita jina hilo bila kutabasamu. Na kwa kuwa nyota yenyewe ni maiti ya nyota iliyolipuka, basi Kiswahili kimeipatia mara mbili: ni nyota ya matanga kwa maana zote.

Kuanzia Februari hadi Aprili, saa tatu za usiku, umeme ukikatika mtaani kwako, usilalamike tu. Toka nje, utazame kusini, katikati ya upeo na utosi. Pulsa hutaiona kwa macho, lakini huko ndiko iliko, umbali wa miaka kama 1,000 ya mwendo wa nuru. Kinachotufikia leo kiliondoka huko karne kadhaa kabla ya kujengwa msikiti ule ambao magofu yake yako Tongoni.

SAS-2 ilionyesha kwamba gama za Vela huja kwa vishindo viwili katika kila mzunguko, na kwamba havilingani hata kimoja na kishindo cha mawimbi ya redio. Maana yake gama na redio hazitoki mahali pamoja katika nyota. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1975, na nadharia zote zilizofuata zimelazimika kulijibu jambo hilo.

Halafu kikaja kitendawili. Katika kundi la Mapacha, SAS-2 iliona gama zinazotoka mahali ambapo hapakuonekana nyota ya maana, wala mawimbi ya redio. Mtaalamu mmoja wa Kitaliano, Giovanni Bignami, akakiita kitu hicho Geminga. Jina hilo linafanana na jina la Mapacha kwa Kilatini, lakini katika lahaja ya watu wa Milano linasikika kama kusema "hakipo". Watu walikitafuta kisichokuwapo kwa miaka 20.

SAS-2 yenyewe haikuishi muda mrefu. Tarehe 8 Juni 1973 mtambo wake wa umeme uliharibika na kazi ikaishia hapo, hata miezi saba haijatimia. Kwa mawazo yetu ya kawaida, hapo ungesema basi, chuma chakavu.

Lakini mwaka 1992 wataalamu wakitumia chombo kingine, cha mionzi ya eksirei, waligundua kwamba Geminga ni pulsa, nayo huzunguka mara nne na zaidi kidogo kwa sekunde. Walipokwisha kuijua kasi hiyo, wenzao walikwenda kwenye kabati. Wakatoa zile saa zilizoandikwa na SAS-2 kati ya mwaka 1972 na 1973. Wakazipanga upya kwenye uso wa saa moja. Na mapigo yakaonekana! Yalikuwa yamekaa humo miaka yote, yakisubiri mtu wa kuyasoma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa hawakuipoteza, kwa sababu waliitunza.

Hapa niruhusuni niseme jambo linaloniuma katika kazi yangu. Mimi ni mtu wa redio. Katika kituo kimoja nilichopata kufanya kazi, ambacho sitakitaja, nilishuhudia kanda za mahojiano na wazee wa pwani hii zikifutwa ili zirekodiwe matangazo ya biashara. Sauti za watu waliokwisha kufariki. Hoja ilikuwa kwamba kanda mpya ni ghali na "nani atazisikiliza hizo?" Ndugu wasikilizaji, swali la "nani atazisikiliza" lingeulizwa pia mwaka 1973 juu ya namba za chombo kilichokufa. Bahati nzuri aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa na akili nyingine.

Sasa nije kwenye swali la tatu, ambalo ndilo gumu. Liliulizwa na kijana wa bodaboda. Alisema: "Kaka, wao wamepata sayansi. Sisi pwani tumepata nini?"

Sitamdanganya. Kutoka jukwaa lile vilirushwa vyombo tisa, wa kwanza mwaka 1967 na wa mwisho mwaka 1988. Baada ya hapo hakijarushwa kingine, ingawa mitambo ya nchi kavu iliendelea kuwasiliana na vyombo vilivyoko angani, na kituo kikapewa jina la Luigi Broglio, Mtaliano aliyekianzisha. Nchini Kenya wananchi na wabunge wamehoji kwa miaka mingi kama faida inagawanywa kwa haki. Mimi naliona swali hilo ni halali kabisa. Mwenye nyumba anayo haki ya kujua mpangaji anafanya nini chumbani.

Lakini nataka kumwongezea kijana yule jambo. Kodi ya ardhi ni fedha, na fedha huliwa ikaisha. Kilichokuwa na thamani kubwa zaidi Ngomeni kilikuwa ujuzi, na ujuzi haulipwi kama kodi. Huchukuliwa na anayeujia akiwa amejiandaa. Mwaka 1972, ni vijana wangapi wa pwani hii waliokuwa na hesabu na fizikia ya kutosha kusimama mbele ya mitambo ile na kuuliza swali? Kenya ilianzisha Shirika lake la Anga za Juu mwaka 2017, na mwezi Aprili mwaka 2023 satelaiti yake iitwayo Taifa-1 ilipaa, ikirushwa kutoka Marekani. Utaona mzunguko huo: satelaiti za wageni zilipaa kutoka pwani ya Kenya, na ya Kenya ikaenda kupaa ugenini. Hata hivyo hatua ni hatua.

Na asije mtu akatuambia kwamba mambo haya Afrika hayawezekani. Namibia, katika nyanda za juu za Khomas, kuna darubini tano ziitwazo H.E.S.S. Nne zina vioo vya upana wa mita 12 kila moja, na ya tano, iliyoanza kazi mwaka 2012, ina mita 28. Hizi hazikuhitaji roketi. Zinatumia hewa yenyewe kuwa chombo. Gama yenye nguvu nyingi sana ikiigonga hewa, huzaa mvua ya chembe zinazotoa mmweko wa buluu, mwepesi mno, wa sehemu chache za bilioni za sekunde. Darubini huudaka mmweko huo. Lile blanketi lililokuwa kikwazo limegeuzwa kuwa jicho.

Mwezi Oktoba mwaka 2023 wataalamu wa darubini hizo, kutoka Afrika na Ulaya, walitangaza kwamba wamedaka gama za nyota ile ile ya matanga, Vela, zenye nguvu ya elektronivolti trilioni 20. Ni kama mara milioni 15 ya gama ya kobalti tuliyoisema. Hakuna pulsa iliyokuwa imewahi kuonekana ikitoa nguvu ya kiasi hicho, na nadharia nyingi za namna pulsa zinavyofanya kazi sasa zinaandikwa upya. Huko angani nako, chombo cha Marekani kiitwacho Fermi, kilichorushwa mwaka 2008, kimezifanya pulsa za gama zinazojulikana kufikia karibu 300. SAS-2 ilipopaa zikihesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Vipi Tanzania? Katika mradi mkubwa wa darubini za redio ulioko Afrika ya Kusini, nchi nane nyingine za Afrika zilikaribishwa kuwa washirika, Kenya na Msumbiji zikiwamo. Jirani zetu wa kaskazini na wa kusini wamo. Sisi katikati hatumo. Watu wetu wapo. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amekuwa akiwaeleza Watanzania habari za nyota kwa miaka mingi, na mnakumbuka kupatwa kwa jua kwa Septemba 2016 jinsi umati ulivyokwenda Rujewa, Mbeya. Hamu ipo. Kinachokosekana ni shule kuwa na maabara inayofunguliwa, na mwalimu wa fizikia ambaye hajaazimwa kufundisha masomo mengine matatu.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Wajumbe wa kamati za shule mnaonisikiliza: katika kikao kijacho, kabla ya kuzungumzia sare na michango ya mahafali, ulizeni maabara ya fizikia ilifunguliwa mara ngapi muhula huu. Mtake mwalimu mkuu awajibu kwa tarehe, kutoka kwenye daftari.

Na la pili ni kwenu wazee wetu, kuanzia Tanga, Vanga na Mombasa mpaka Malindi na Ngomeni. Wapo kati yenu waliobeba mizigo kwenda kwenye jukwaa lile, waliopika, waliolinda, na wavuvi walioona moto wa roketi ukipanda juu ya bahari. Vitabu vya wataalamu vimewataja wahandisi. Ninyi hamkutajwa. Wajukuu zenu wana simu zenye kinasa sauti. Waambieni wakae chini, wawahoji, waandike tarehe na jina la mahali, kisha watunze nakala mbili, kila moja nyumba yake. Msijali kama leo hakuna anayetaka kusikiliza.